Kielelezo P2

Hati ya mashtaka niliichapa mimi,
chumba cha nyuma, mahakama ya wilaya, Moshi,
dirisha moja linaona mlima, jingine linaona choo.
Ndelilio Mtui, miaka hamsini na nane, mrina asali, wa Kilema juu,
kwamba siku ya kumi na moja ya Oktoba
aliwasha moto ndani ya msitu wa hifadhi
bila kibali.
Mara ya kwanza nilikosea, nikaandika: bila kiburi.
Nikafuta.

Shahidi wa kwanza, askari wa msitu,
alisema upepo ulishuka saa nane mchana
kama mdai aliyechoka kungoja.
Alisema moto haukuanza na miti.
Ulipita chini, ndani ya mboji, siku mbili, kimya,
kidonda kinachofunga juu huku ndani kinakula.
Siku ya tatu ukatoka kila mahali kwa pamoja.

Shahidi wa pili alileta hesabu.
Hekta mia nne na kumi. Alisoma polepole ili niandike.
Hakusoma perere waliokutwa kwenye tundu la mti,
wamekumbatiana, manyoya mazima, pumzi tu imekwisha.
Hakusoma mfongo uliotuletea majivu wiki sita
hadi mtori wa Mama Anansia ukanuka jiko la jirani.
Hakusoma Elineema, aliyepanda kuzima
kwa tawi bichi na kandambili,
akarudi hana nyusi,
na mpaka leo hulala ameketi.
Hayo, alisema mwendesha mashtaka,
hayamo kwenye hati.

Mshtakiwa hakuwa na wakili.
Alipoambiwa ahoji, alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.
"Ile njia ya kuzuia moto, mnayofyeka kila Julai.
Mwaka huu mlifyeka?"
Shahidi akatazama viatu vyake.
Fungu lilikuwa halijashuka.
"Na yale matawi waliyoacha watu wa mbao,
yaliyokauka tangu Pasaka?"
Hayo hayako chini ya idara yangu.
Hakimu akasema jibu liingie.
Likaingia. Mstari mmoja na nusu.

Kisha vielelezo.
P1, kiberiti.
P2, kopo la asali, la rangi, lita nne,
mdomo umefungwa kwa jani la mgomba na kamba ya katani.
Mkono wangu ulisimama.
Fundo lile nimelifungua Desemba saba.
Mimi ndiye niliyempigia simu Septemba:
Baba Mtui, mwaka huu niletee mapema,
tena mara mbili, binti yangu anaolewa.
Akacheka. Nyuki bado, mama.
Nikamwambia, jaribu.

Hakuna aliyeniuliza.
Sheria huuliza shahidi, huuliza mshtakiwa;
karani hupewa kalamu.
Naye hakugeuka kunitazama, hata mara moja.
Ingekuwa nafuu angenitazama.

Miaka miwili.
Hakimu aliisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua.
Mkewe alikuwa amekuja na jani la isale,
akatafuta pa kuliweka, kwa maana kizimbani hawakumruhusu,
meza ya hakimu iko juu,
akaliweka kwangu, juu ya mashine.
"Tusamehe," akasema. Kwangu.
Nikasema, ndiyo, mama,
kama mtu mwenye haki ya kusema ndiyo.

Amri ya mwisho ilikuwa ya kawaida:
vielelezo viteketezwe, karani asimamie.
Tulikwenda nyuma ya choo, mimi na Ruwaichi mhudumu.
Akamwaga asali juu ya majalada ya zamani.
Nzi walifika kabla yetu.
Nikanusa maua ya juu kule, yale ambayo hayapo tena.
"Nani ana moto?" akauliza Ruwaichi,
akijipapasa mifuko.

Nilikuwa nacho mkononi,
na namba yake, na muhuri.
Njiti nne zimebaki.